Herufi C Kwenye Kadi ya Pili

Wiki yangu ya mwisho ofisini nilivuta kiti nikakaa nyuma ya mmoja wenu nikamtazama anavyofanya kazi. Aliandika mistari michache, akabonyeza, kompaila ikamkatalia. Akarekebisha, akabonyeza, ikamkatalia tena. Kabla chai yake haijapoa alikuwa amekataliwa hata sijui mara ngapi, na uso wake mkavu kabisa, hana wasiwasi. Nikamuuliza, "Mbona hujawasha ukaguzi wa mipaka?" Akanijibu kwa adabu, "Mama, ule unachelewesha." Nikasema moyoni, haya, potelea mbali, nitaandika.

Vyeo sitaandika. Nilipandishwa nilipopandishwa, na anayetaka kujua aende masijala akapigwe vumbi. Nitaandika juu ya kadi za matundu, posta, mzee mmoja wa Songea aliyenifundisha kazi bila kuniona, na mtu wa Nyambureti anayeitwa Mwita. Huyo wa mwisho ndiye anayenifanya niandike. Nimestaafu, nimeagwa, nimepewa na godoro la zawadi, lakini habari yake sijamaliza nayo.

Mimi ni mtoto wa Matongo, kule Tarime. Siku zile Matongo ilikuwa ng'ombe na mihogo, hayo mashimo ya dhahabu ya kizazi chenu bado. Nilisoma Musoma mpaka kidato cha nne, nikaajiriwa karani, na kwa bahati ambayo mpaka leo sijaielewa nikachaguliwa kwenda Dar es Salaam kusomea uandishi wa programu. Tulikuwa wasichana wawili darasani. Mwenzangu aliolewa katikati ya kozi, nikabaki peke yangu na wanaume waliodhani nimekuja kuwapikia chai. Nilipomaliza nikarudishwa Tarime, kwenye mradi wa majosho, yale ya kuogeshea ng'ombe kuua kupe. Meza nikapewa, kiti nikapewa, penseli na kifutio nikapewa. Kompyuta haikuwepo. Ya karibu ilikuwa huko huko Dar nilikotoka.

Msicheke. Hivi ndivyo tulivyofanya kazi. Unaandika programu kwa penseli kwenye karatasi zenye miraba, herufi moja kwa kila mraba. Unafunga bahasha. Bahasha inapanda basi mpaka Mwanza, inapanda treni mpaka Dar, inafika kwa akinadada wa kutoboa, nao wanageuza kila mstari wako kuwa kadi moja yenye matundu. Kadi zinapangwa bunda, bunda linapelekwa chumba cha mashine, linangoja zamu. Mashine ikishasema lake, karatasi za majibu zinarudi kwa treni na basi hadi mezani kwako. Mambo yakienda vizuri, utakuwa umengoja wiki tatu. Mvua ikinyesha, utajaza mwenyewe.

Sasa kompaila, kwa faida ya ndugu zangu wa masijala ambao najua mtasoma hii kwa umbea, ni programu inayosoma alichoandika mtu na kukigeuza kuwa amri za mashine. Ikikuta umekosea inakataa, na inakwambia ni mstari gani. Leo mnaiagiza kwa vile vistari na herufi mnavyoandika pale pale kwenye kioo. Sisi maagizo hayo yalitobolewa kwenye kadi ya pili kutoka juu ya bunda, herufi moja kwa kila agizo. Usipotoboa kitu, kompaila inafuata mazoea ya chumba, na mazoea ya chumba kile yalikuwa ubahili mtupu. Ikikutana na kosa la kwanza, inasimama hapo hapo. Karatasi isipotee bure.

Programu yangu ya kwanza ilirudi ikiwa ukurasa mmoja. Mstari wa tisa, mkato umekosekana. Basi. Wiki tatu kwa mkato! Nikaweka mkato, nikapeleka. Ikarudi: mstari wa kumi na nne, mabano hayakufungwa. Nikafunga mabano. Ikarudi na kosa la mstari wa kumi na tisa. Nilipiga hesabu nikaona kwa mwendo huo programu itakamilika nikiwa bibi. Nikaingia stoo, nikajifungia kati ya mapipa ya dawa ya kuogeshea, nikalia kwa hasira mpaka macho yakawasha, ingawa kuwasha kwenyewe nadhani ilikuwa ile dawa.

Safari ya nne karatasi zilirudi nyingi, na pembeni kuna maandishi ya penseli nyekundu, makubwa, yameinamia kulia: "Binti wa Tarime, usilie. Kadi ya pili, toboa E. Haitasimama, itakusomea makosa yote kwa mkupuo. Kasian, chumba cha mashine." Alijuaje kwamba nililia, sijui. Labda wote walilia. Mzee Kasian alikuwa mwendesha mashine, mtu wa Songea, aliyekwisha kaa na mashine ile miaka mingi na akasoma kitabu chake mpaka kurasa za nyuma ambazo hakuna mtu aliyezifungua. Alikuwa ametoboa ile E mwenyewe, kwa huruma tu. Makosa yangu yalikuwa ishirini na kitu. Niliyarekebisha yote kwa siku moja na programu ikapita.

Tangu hapo kila bahasha iliyorudi ilikuwa na somo. Akanifundisha X, inayochapa majina yote uliyotumia na mistari yanapotokea, ukaona mara moja kwamba jina fulani umelitaja mara moja tu na kwa hiyo bila shaka umeliandika vibaya. Akanifundisha N, ya kusoma programu bila kuiendesha, kwa siku ambazo zamu ya mashine ni fupi. Na akanifundisha tabia moja ambayo haina herufi: kabla ya kufunga bahasha, chukua rula, weka chini ya mstari wa kwanza, usome kama vile wewe ndiye kompaila, mpumbavu asiyejua ulikusudia nini. Ndiyo maana mpaka nastaafu mlikuwa mnaniona na rula mbele ya kioo na mnacheka. Nilikuwa nawasikia.

Mkuu wangu Tarime alikuwa Ndugu Mhina, bwana mifugo aliyetoka Tanga. Mtu safi, tena safi kupita kiasi. Alikunywa chai bila sukari ili sukari ya ofisi iwatoshe wengine. Mwaka uliotangulia kuja kwangu dawa ya majosho iligawiwa kwa mdomo, na ikatokea kwamba vijiji vyenye ndugu za wakubwa vilioga na vingine vikaliwa na kupe. Yalizuka maneno makubwa. Ndugu Mhina akaapa kwamba haitatokea tena. Kila kijiji kilete idadi ya ng'ombe wake, idadi zote zipelekwe Dar, mashine igawe. "Mashine haina shemeji," alikuwa akisema, na sisi tulipenda sana msemo huo. Tuliuamini. Vijana, tuliamini mambo mengi miaka ile na mengine yalistahili kuaminiwa.

Programu ya kugawa dawa sikuiandika mimi, niliirithi. Mtaalamu aliyeiandika aliondoka kabla sijafika. Alitenga nafasi za vijiji themanini, kwa sababu siku alipoandika, vijiji vya Tarime na Serengeti kwa pamoja, kwenye mradi wetu, havikuzidi hapo. Lakini watu walikuwa bado wanahamishwa kwenda kwenye vijiji vya ujamaa, na vijiji vilikuwa vinazaliwa kila tunapogeuka. Mwaka huo, wakati nafunga bahasha, kikaja kijiji kipya, Nyambureti.

Hesabu yake aliileta Mwita mwenyewe, mtunza josho. Alidandia lori la pamba, akashuka mbele ya ofisi akiwa mweupe kwa vumbi mpaka kwenye kope. Angeweza kumpa dereva ile karatasi. Nilipomuuliza kwa nini amejisumbua, alikaa kwanza kwenye benchi, akanywa maji, ndipo akaniambia.

"Dada, wewe ni wa kwetu, unajua. Sisi hatuhesabu ng'ombe."

Nilijua. Baba yangu mwenyewe alijua kila ng'ombe wake kwa rangi, pembe na tabia, akikosekana mmoja jioni anamtaja kwa jina, lakini ukimuuliza ni wangapi anakutazama kama umemtukana. Kuhesabu ng'ombe ni kuwaitia kifo. Wapo waliotoa idadi za uongo kwa serikali, na wapo waliotoa za kubahatisha. Tulilijua hilo na tulilinyamazia.

"Baba yangu ana zizi kubwa kuliko wote kule," Mwita akaendelea. "Alikataa kuhamia kijijini. Akasema mkikusanya ng'ombe wote sehemu moja mnakusanya na kupe wote sehemu moja. Nikamwambia baba, kuna josho, mimi ndiye mtunzaji, wataoga kila wiki. Nimempa neno langu. Amehama kwa ajili ya neno langu. Na ili dawa ije, lazima wahesabiwe. Nimesimama pale wanapotokea, nikaweka kokoto kwa kila mmoja. Baba aligeuka akatazama mlima, hakutaka kuona. Lakini aliniacha."

"Kwa hiyo hii ni idadi ya kweli," nikasema.

"Ni ya kweli. Labda ndiyo ya kweli peke yake uliyonayo hapo." Akacheka kidogo. Kisha akasema bila kucheka, "Ifike, dada. Masika ikianza bila dawa, ndama wataisha."

Nikamwambia itafika. Nikaandika idadi yake kwenye mstari wa themanini na moja mbele ya macho yake, nikabadilisha pia ule mstari unaosema vijiji ni vingapi, na bahasha ikaondoka na basi la kesho yake.

Nataka muelewe kilichotokea mashineni, kwa maana bado kinatokea, ingawa siku hizi kina majina ya kujidai. Jedwali ni kama mazizi yaliyopangwa mstari. Mtaalamu alijenga mazizi themanini ya idadi za ng'ombe, na mara baada ya zizi la themanini yakaanza mazizi mengine themanini ya kuwekea majibu ya dawa. Mashine iliposoma idadi ya Mwita ikatafuta zizi la themanini na moja. Halikuwepo. Haikuuliza. Ikaingiza ng'ombe wa Nyambureti kwenye zizi lililofuata, ambalo lilikuwa la kwanza la majibu. Kisha, kabla ya kuanza kugawa, programu ikasafisha mazizi yote ya majibu yawe sifuri, kama ilivyoagizwa. Ng'ombe wa Nyambureti wakafutwa, na kompaila haikulalamika kwa sababu hakuna aliyeiambia iangalie.

Karatasi zilirudi zikiwa nzuri kutazama. Vijiji vyote vina mgawo wake, umepangwa safi. Mstari wa mwisho ulisema Nyambureti, ng'ombe sifuri, dawa sifuri.

Ndugu Mhina akaweka kidole pale. "Huyu hakuleta hesabu."

"Ameleta. Nimeipokea mimi mwenyewe, hii hapa."

Akaitazama karatasi yangu ya penseli, akatazama karatasi ya mashine. "Basi imepotea kwa watoboaji."

"Ndugu Mhina, tutenge mapipa yao kabla ya kugawa. Idadi tunayo."

"Nikitenga pipa moja kwa mdomo wako, Bhoke, nitatenga la pili kwa mdomo wa nani? Vijiji vyote tumeviambia mashine ndiyo itakayosema. Imesema." Akaona uso wangu, akashusha sauti. "Uliza Dar. Wakithibitisha, nitakwenda mkoani kuomba ya nyongeza. Mimi siwachukii watu wa Nyambureti."

Hakuwachukia, kweli. Hilo ndilo linaloniuma. Angekuwa mla rushwa, mapipa yale yangepatikana kwa mbuzi mmoja. Stoo ilikuwa upande wa pili wa ukuta, harufu ya dawa inaingia mpaka mezani kwangu, na sisi watu wawili wenye akili timamu, wenye idadi ya kweli mkononi, tulikaa tukingoja ruhusa ya mashine iliyo mwisho wa reli. Malori yakapakia. Stoo ikabaki sakafu tupu. Na kwa kuwa utaratibu ulitaka kila kijiji kijulishwe, barua ikaenda Nyambureti kwamba kijiji chao hakikuwasilisha idadi ya mifugo na kwa hiyo hakina mgawo.

Niliandika swali langu kwa Mzee Kasian siku ile ile. Nikamweleza yote, mpaka habari ya kokoto. Wiki tatu zile zilikuwa ndefu kuliko zote nilizowahi kungoja. Kila jioni nilitazama mawingu upande wa ziwa nikiyaombea yakanyeshe kwingine.

Mvua ilianza kabla ya jibu. Bahasha ilipofika ilikuwa imelowa pembe moja, na penseli nyekundu imesambaa, lakini ilisomeka. Kasian alikuwa ametoboa herufi ambayo hakuwahi kuniandikia. "C," aliandika. "Ukurasa wa mwisho wa kitabu. Inaifanya programu iangalie mipaka ya kila jedwali kila inapoligusa. Imekatazwa hapa kwa sababu inakula muda wa mashine karibu mara mbili. Nimeiweka wakati wakubwa wamekwenda kula." Chini yake mashine ilikuwa imesimama na kusema wazi kabisa, nafasi ya themanini na moja haipo, jedwali mwisho wake themanini. Kasian alikuwa amepanua jedwali, akaendesha upya, na mgawo wa Nyambureti ulikuwa umechapwa. Mapipa manne. Akamalizia: "Mwambie huyo bwana wa kokoto hesabu yake ni nzuri."

Nilimpelekea Ndugu Mhina. Alisoma, akavua miwani, akaifuta kwa shati, akasoma tena. Alizeeka pale pale mbele yangu. "Kumbe ilikuwa humo humo," akasema. Alikwenda mkoani kuomba, na najua aliomba kweli kweli kwa sababu dereva aliniambia alivyosimama mlangoni kwa mkubwa mmoja kama mtoto wa shule. Dawa hakupata, nchi haikuwa nayo. Aliporudi nikamuuliza, "Na Nyambureti? Waambiwe kwamba hesabu yao ilifika." Akasema, "Nitawaandikia mwenyewe. Hilo ni langu." Nikapumua. Haukupita muda akahamishiwa mkoa mwingine, akafunga sanduku lake moja, tukamsindikiza kituoni.

Habari za Nyambureti zilikuja kwa vipande, kwa madereva, barabara ilipokauka. Ndigana, ule ugonjwa wa kupe, imepita. Ndama wamekwisha, na wakubwa wengi pia. Baadhi ya watu wameondoka kijijini kwa siri kurudi kwenye mahame yao. Mtunza josho ameacha kazi. Nilisikitika, nikasema angalau wanajua kwamba kosa halikuwa lake. Nikaendelea na kazi. Kazi zilikuwa nyingi.

Baadaye nilirudishwa Dar kwa kozi ya pili, na siku ya kwanza nikaenda chumba cha mashine kumtafuta Mzee Kasian. Nilitegemea jitu, kwa maandishi yale. Nikamkuta mtu mfupi, mwembamba, amevaa sweta kwenye joto la Dar kwa sababu ya ubaridi wa chumba. "Binti wa Tarime!" akasema, "umekonda kuliko programu zako." Alinionyesha mashine kama mtu anavyokuonyesha shamba lake. Ile siku alipotumia C bila ruhusa ilikuwa imejulikana, na walikuwa wamemwondoa kwenye usukani wa mashine, akapewa kazi ya kupanga kadi. Alilisema hilo kama jambo dogo. Mimi nilitaka ardhi inimeze.

Tulipokuwa tunakunywa chai akaniuliza, "Yule bwana wa kokoto, mlimwambia?"

"Nadhani mkuu wangu alimwandikia."

"Unadhani," akasema Mzee Kasian. Akakoroga chai yake. "Haya."

Sikumwelewa, au nilimwelewa nikaona aibu kuuliza. Mwaka uliofuata alirudi Songea na mashine ile ikazeeka bila mtu wa kuisomea kurasa za nyuma. Kile kitabu, nasikia, walifungia karanga. Nimefanya kazi na kompaila nyingi tangu hapo, na kila moja ina ukurasa wake wa mwisho wenye herufi zisizotumiwa, na kila mara kuna mtu wa kusema zinachelewesha. Zinachelewesha, ndiyo. Nani amewaambia mna haraka kiasi hicho?

Miaka mingine naipita haraka, mingi mlikuwa nami. Mashine zikawa ndogo, kadi zikafa, karatasi za miraba nikafunikia madaftari ya wanangu. Nikazunguka nchi, na mwisho nikarudi kwenye mifugo, kwenye huu mfumo wa simu ambao tuliujenga pamoja na ambao ninyi mliupa lile jina baya.

Mwaka jana, mtakumbuka, nilikwenda Mugumu, kule Serengeti, kuwaonyesha maofisa mifugo wa kata namna ya kusajili ng'ombe kwa simu. Tulikaa Morotonga, chini ya turubai, na wafugaji wakaitwa ili tujaribu kwa watu halisi. Foleni ilikuwa ndefu. Ofisa mmoja alikuwa akiuliza kwa sauti, "Mzee, ng'ombe wangapi?" na mzee aliyekuwa mbele yake, mrefu, amesimama na mkewe, akajibu, "Andika unavyoona. Mimi sihesabu."

"Lazima uhesabu, mzee. Bila idadi hupati huduma."

"Nilihesabu mara moja," akasema yule mzee. "Inatosha."

Nilisikia sauti kabla sijaona uso. Nikasogea. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Wewe ni Mwita? Wa josho la Nyambureti?"

Akanitazama sana. Mkewe ndiye aliyenitambua kwanza, si kwa sura, kwa habari. "Huyu ni yule dada wa Tarime," akamwambia mumewe. "Uliyempa karatasi."

Niliwavutia viti pembeni. Akaanza yeye, bila ugomvi wowote, kama mtu anayeeleza njia. Barua ilisomwa mkutanoni. Hakikuwasilisha idadi. Baba yake alikuwa amekaa mbele. Aliinuka akatoka, na tangu siku ile hakula tena sahani moja na mwanawe. Ndama walipoanza kuanguka, watu walisema ndivyo ilivyo ukihesabu ng'ombe. Baba yake alisema vibaya zaidi. Alisema, umewahesabu wakafa, na hesabu yenyewe hukuipeleka.

"Nilijua nimekosea mahali," Mwita akasema. "Ila sikujua wapi. Nikasema labda nilikupa karatasi ya nyuma, ile niliyoanza nikafuta. Nikasema labda nilifika Tarime nyingine." Akatabasamu. "Mtu akikosa usingizi anawaza mengi. Ulinipa maji, nakumbuka. Nikasema labda nilikunywa maji nikasahau kukupa."

"Ulinipa," nikasema. "Mzee Mwita, ulinipa. Niliandika mbele yako. Hesabu yako ilifika Dar es Salaam na ilikuwa sahihi. Programu ndiyo haikuwa na nafasi ya kijiji chenu, ikawafuta. Hamkupata barua? Ya pili? Mkuu wangu alisema atawaandikia."

"Barua ilikuja moja."

Mkewe alikuwa ameshika mkono wa kiti changu. "Rudia," akasema. "Ilikuwa sahihi?"

"Ilikuwa sahihi, mama. Mgawo wenu ulikuwa mapipa manne."

Yule mama akaanza kulia, taratibu, bila kuficha uso. Mwita hakulia. Alitazama zile simu za maofisa mezani, akatazama foleni, kisha akanigeukia.

"Mlijua lini?"

Ningeweza kusema baadaye. Ningeweza kusema miaka ilipita. "Masika ile ile," nikamwambia. "Mvua ilikuwa ndiyo kwanza imeanza."

Akatikisa kichwa, akawa anahesabu kitu fulani kwa kidole gumba kwenye vidole vyake, kimoja baada ya kingine, mpaka mkono ukaisha akaanza wa pili.

"Masika ile baba alikuwa hai," akasema. "Aliishi miaka mingi baada ya pale."